Tufani Mbili za Tarehe 15 Aprili

Katika pwani yetu ya Bagamoyo ipo kauli ambayo mtu huisikia kila mara redio inapotangaza habari za upepo mkali huko Madagascar au Msumbiji. Watu husema kwamba hizo ni tufani za wenzetu. Sisi Mungu ametuepusha nazo. Husemwa kwa unyenyekevu na kwa shukrani, na aghalabu mazungumzo huishia hapo. Nimeisikia vijiweni, nimeisikia kwa wauza mananasi wa hapa Kiwangwa, na nimeisikia vile vile kwa watu waliosoma sana.

Kauli hii ni kweli nusu. Na kweli nusu ina hatari kuliko uongo mtupu, kwa sababu uongo mtupu hukamatwa upesi, lakini kweli nusu huhamia nyumbani ikahesabiwa kuwa mwenyeji. Katika insha hii nataka kwanza kuitazama ile nusu iliyo kweli, kisha ile nusu iliyosahauliwa, na mwisho niseme neno juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi, yaani kuzidi kwa joto la dunia, na kama kweli ndilo linalotuletea pepo hizi mlangoni.

Tuanze na nusu ya kweli. Tufani ya bahari ya joto, ambayo wataalamu wetu wa hali ya hewa huiita kimbunga, haizaliwi popote wala wakati wowote. Inataka mambo matatu yakutane. La kwanza ni maji ya bahari yenye joto lisilopungua digrii 26 au 27 za Sentigredi, tena si juu juu tu, bali hadi kina cha mita 50 hivi. Maji hayo hutoa mvuke. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka kuwa matone, na katika kugeuka huko hulitoa lile joto lililokuwa limefichika ndani yake. Hewa iliyopata joto huzidi kupanda, na chini hubaki upungufu ambao hewa ya pembeni huukimbilia kuuziba. Huo ndio upepo. Jambo la pili ni kwamba pepo za juu na pepo za chini zisipishane sana, la sivyo mlima ule wa mawingu hukatwa kichwa kabla haujasimama. Jambo la tatu ni mzunguko wa dunia yenyewe, ambao huipinda ile hewa inayokimbia, isiende moja kwa moja bali izunguke. Kwetu sisi tulio kusini ya ikweta, tufani huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Lakini nguvu hiyo ya kupinda haipo kabisa kwenye ikweta yenyewe, nayo huongezeka kadiri unavyosafiri kuelekea kusini au kaskazini. Ndiyo maana ni nadra sana kwa kimbunga kuzaliwa ndani ya digrii 5 za ikweta.

Unguja na Bagamoyo ziko kiasi cha digrii 6 tu kusini ya mstari huo. Tumekaa, kwa lugha nyingine, kwenye kizingiti cha nyumba ya tufani. Zaidi ya hayo, vimbunga vya bahari yetu vikisha kuzaliwa hupenda kwenda magharibi na kusini, yaani kuikimbia ikweta, na kisiwa kikubwa cha Madagascar kimelala njiani kama boma. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba pwani yetu imeepushwa hasemi ovyo. Watu wa karne ya 19 waliamini hivyo hivyo, na wageni waliokuja kwa meli waliihesabu Unguja kuwa bandari iliyo nje ya njia ya tufani.

Waliamini hivyo hadi tarehe 15 Aprili 1872.

Seyyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza hata miaka 2 katika kiti cha usultani. Msimu ulikuwa ule ambao wavuvi wetu wanaujua vizuri: kaskazi imekwisha choka, kusi haijashika barabara, pepo hazina msimamo, na masika yamefunguka. Ni majira ambayo bahari imekusanya joto la miezi yote ya jua kali, na mtu akiingia majini alfajiri huyaona vuguvugu. Tufani ilikuja kutoka baharini, ikaipiga Unguja kwa nguvu ambayo hapana mtu aliyekuwa hai pale aliyewahi kuiona. Karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini, majahazi ya wafanyabiashara na merikebu za Sultani mwenyewe, vilivunjika au vilitupwa pwani. Minazi ililala. Mikarafuu, ambayo ndiyo iliyokuwa mali kubwa ya kisiwa, iling'oka shamba kwa shamba.

Pemba, ambayo haiko mbali, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Upana wa tufani hiyo basi haukuwa mkubwa sana. Ulikata njia yake kama panga, ukaacha huku na kupiga huku. Lakini bara haikusalimika. Hapa Bagamoyo, wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kazi yao ya miaka 4 ya kujenga ilibomolewa kwa sehemu kubwa siku ile, ikabidi waanze upya.

Tunaye shahidi mmoja aliyekuwa akitoka bara wakati huo huo. Ni Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekwenda kumtafuta Dokta Livingstone, na ambaye alikuwa akirudi pwani kwa njia ya misafara. Alipofika Simbamweni, mji uliozungushiwa ukuta karibu na Morogoro ya leo, alikuta mto Ngerengere umefurika, umeubomoa upande wote wa mbele wa ukuta ule pamoja na nyumba zipatazo 50. Vijiji vya Waluguru vilivyokuwa kwenye miteremko navyo vilikuwa vimepatwa na maafa. Akaendelea na safari kupitia Ukwere, nchi yetu hii, na huku huku njiani habari zikamfikia kwamba tufani imevunja kila nyumba na kila chombo huko Unguja, na kwamba imezipiga pia Bagamoyo na Winde. Habari hizo bila shaka zilikuwa zimetiwa chumvi, kama ilivyo desturi ya habari zinazobebwa na wapagazi. Lakini kiini chake kilikuwa kweli. Aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei 1872, baada ya kuvuka bonde la Kingani lililojaa maji. Kingani ndio huu Ruvu wetu katika sehemu zake za chini, na Ngerengere humwaga maji yake humo humo.

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi. Anayeketi Kiwangwa hayaoni mawimbi, wala hasikii mlio wa bahari. Lakini kijiji chetu kiko baina ya mito miwili, Wami kwa upande wa kaskazini na Ruvu kwa upande wa kusini, na mito hiyo yote miwili hutoka mbali, hukusanya kila tone linaloanguka milimani, kisha huja kupita kwetu ikielekea baharini. Maafa ya masika yale hayakuishia ufukweni. Upepo uliwapiga watu wa pwani, na maji yakawapiga watu wa bara.

Matokeo yake yaliendelea miaka mingi. Mkarafuu si muhogo. Ukiupanda leo husubiri miaka 6 au zaidi kabla ya kuchuma kitu cha maana. Kwa vile mikarafuu ya Unguja ilikuwa imelala chini, bei ya karafuu ilipanda, na wenye mashamba wakakimbilia kupanda Pemba, ambako udongo ulikuwa mzuri na tufani haikugusa. Toka hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Mtu akiuliza leo kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba wala si Unguja, sehemu kubwa ya jibu ni upepo wa siku moja.

Lipo na jambo zito zaidi. Mwezi Januari 1873 alifika Unguja Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, kumtaka Sultani apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Miongoni mwa hoja za Barghash za kukataa ilikuwa hiyo hiyo tufani: kwamba nchi imeharibika, mashamba yameanguka, na kuwaondolea wenye mashamba watumwa wao wakati ule ni kuwamaliza kabisa. Hoja yake haikusikilizwa. Alitishiwa kuzingirwa kwa manowari, naye alikuwa hana tena merikebu za kutajika, akatia saini tarehe 5 Juni 1873. Sisemi kwamba tufani ndiyo iliyokomesha soko la watumwa. Waliolikomesha ni watu, kwa sababu zao nyingi. Nasema tu kwamba Sultani aliyeketi kwenye meza ile alikuwa ameshapigwa mara moja na bahari kabla hajapigwa na siasa. Baadaye aliagiza kutoka Uingereza merikebu mpya iliyoitwa Glasgow, badala ya zile zilizopotea. Ilifika mwaka 1878, na ndiyo ile iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiotimia saa moja.

Ikapita miaka 80 kamili. Wale walioiona tufani ya 1872 walikwisha kufa, na wajukuu wao walikuwa wazee. Utawala ulikuwa umebadilika mara mbili, kwa Wajerumani na kwa Waingereza. Ndipo tarehe 15 Aprili 1952, siku ile ile na mwezi ule ule, kimbunga kikaipiga Lindi. Lindi iko kiasi cha digrii 10 kusini, karibu zaidi na njia ya kawaida ya vimbunga kuliko sisi, lakini hata huko hapakuwa na mtu aliyekitarajia. Sehemu kubwa ya mji iliharibiwa, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha.

Tarehe hizi mbili kufanana si muujiza, wala sitaki msomaji aanze kuiogopa tarehe 15 Aprili kama watu wengine wanavyoogopa bundi. Ni kwamba tufani mbili hizi zilikuja katika majira yale yale ya bahari iliyoshiba joto na pepo zilizo kati ya kaskazi na kusi. Kinachonishangaza mimi si kufanana kwa tarehe, bali wepesi wa kusahau. Mwaka 1952 walikuwako watu wachache mno walioijua habari ya 1872, na leo hii waulize vijana wa Bagamoyo juu ya tufani yoyote kati ya hizo mbili uone watakujibu nini. Twawafundisha watoto mwaka aliokufa Livingstone na mwaka ulioanza utawala wa Wajerumani, na tunafanya vema. Lakini siku ambayo bahari ilipanda juu ya nchi yao wenyewe hatuwafundishi.

Sasa nije kwenye zama zetu. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara yetu. Kilikuja wiki 6 tu baada ya kimbunga Idai, kilichoupiga mji wa Beira na kuua watu zaidi ya 1,000 katika nchi za Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Mwezi Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuja kikiielekea Dar es Salaam moja kwa moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatangaza tahadhari, watu wakajiandaa, kisha kikanyauka kabla ya kufika nchi kavu. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kilizunguka Bahari ya Hindi kwa siku 36, muda mrefu kuliko kimbunga chochote kilichowahi kuandikwa duniani, na kikaua mamia ya watu huko Malawi. Halafu tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaingia Mafia. Hidaya, kwa Kiswahili chetu, ni zawadi. Tena zawadi ya thamani. Kilifika baada ya masika ambayo tayari yalikuwa yamekwisha ua watu 155 nchini kati ya Januari na Aprili, kwa hesabu aliyoitoa Waziri Mkuu bungeni, na kikakuta ardhi imeshiba maji. Boti za kwenda Zanzibar zilisimamishwa. Huko Kilwa mafuriko yalibomoa barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa imekatika na Dar es Salaam. Mwezi haujaisha, kimbunga kingine, Ialy, kikapita juu ya bahari hadi karibu na pwani ya Kenya, karibu na ikweta kuliko ilivyo kawaida ya viumbe hivyo.

Hapa ndipo mtu hushawishika kupiga hesabu ya haraka: tufani mbili katika miaka 80, kisha majina manne karibu yetu katika miaka 5, basi dunia imeharibika. Naomba tusikimbie. Historia ina mitego yake, na huu ni mmoja. Kabla ya mwaka 1960, ambapo Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, hapakuwa na jicho lililoitazama bahari kutoka juu. Kimbunga kilijulikana kama kilikutana na chombo au kama kilifika mji wenye watu wa kuandika. Kimbunga kama Jobo, kilichojifia baharini, mwaka 1872 kingepita kama upepo wa kawaida tu, na huenda wangekihisi wavuvi wawili watatu, wakafunga tanga na kwenda zao nyumbani. Hatuwezi kulinganisha kumbukumbu za watu waliokuwa na macho mawili na kumbukumbu za watu wenye setilaiti, kisha tukasema vimbunga vimezidi kwa idadi.

Na wanasayansi wenyewe hawasemi hivyo. Duniani kote huzaliwa dhoruba za namna hii kiasi cha 80 au 90 kila mwaka, na hapana ushahidi wa nguvu kwamba idadi hiyo inapanda. Wengi wao hutarajia kwamba itabaki pale pale au hata itapungua. Wanachosema ni kitu kingine, nacho ndicho cha kushika. Jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilieleza kwamba dunia imeongezeka joto kwa kiasi cha digrii 1.1 ukilinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19, yaani zama zile zile za Barghash, na kwamba yaelekea sehemu ya vimbunga vilivyo vikali sana, kati ya vimbunga vyote, imeongezeka katika miaka 40 iliyopita. Sababu yake inafahamika kwa yeyote aliyefuata maelezo yangu ya mwanzo. Joto likizidi, chakula cha tufani kinazidi. Hewa ikipata joto la digrii 1 zaidi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na kilichobebwa hapana budi kishushwe mahali. Tena usawa wa bahari umepanda kwa kiasi cha sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, kwa hiyo wimbi linalosukumwa na upepo leo huanzia juu zaidi kuliko lile la mwaka 1872. Na Bahari ya Hindi ni mojawapo ya bahari zinazopata joto kwa kasi.

Kwa maneno mafupi, mabadiliko ya tabianchi hayatuletei mgeni asiyejulikana. Mgeni huyu tunamjua. Alikwisha kuja mwaka 1872 na mwaka 1952, kabla moshi wa viwanda na magari haujawa mwingi kama leo. Kilichobadilika ni kwamba akija sasa, anakuja amebeba maji mengi zaidi, na yumkini nguvu nyingi zaidi. Wale wanaosema kila upepo ni matokeo ya joto la dunia wanaifuta historia. Na wale wanaosema kwamba tufani zilikuwako tangu zamani, kwa hiyo hapana jipya, nao wanaifuta sayansi. Sisi tunaoishi hapa hatuna anasa ya kufuta kimoja wapo.

Siku zile za Hidaya, tahadhari zilipokuwa zikiingia kwenye simu, nilizungumza na mzee mmoja mkulima wa mananasi, jirani yangu. Alicheka, akaniambia, “Mwalimu, huku porini bahari itatufikia wapi?”

Nikamwambia, “Bahari haiji, mzee wangu. Itatuma mvua.”

Akatafakari kidogo, kisha akauliza swali ambalo limenikaa mpaka leo: “Na hiyo mvua tutaijuaje kama ni ya kawaida au si ya kawaida?”

Ni swali la mkulima, nalo ndilo swali la wanasayansi. Mwaka 2022 kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali lilichunguza mvua zilizoletwa na dhoruba Ana na kimbunga Batsirai huko Madagascar, Malawi na Msumbiji. Waliona kwamba kuzidi kwa joto la dunia kuliziongeza mvua zile, lakini walishindwa kusema kwa kiasi gani hasa, kwa kuwa vituo vya kupima mvua vilikuwa vichache na kumbukumbu zake zina mapengo. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Watu walikufa, nyumba zikaenda na maji, na ilipofika wakati wa kuisimamisha kweli mbele ya dunia, ushahidi ukapungua kwa kukosekana daftari. Nchi zilizochangia moshi mwingi zinapoulizwa juu ya wajibu wao, huuliza nazo: tuonyesheni tarakimu. Umaskini wa kumbukumbu ni umaskini kama umaskini mwingine wowote, na mzigo wake humwangukia yule yule.

Kwa mkulima wa Kiwangwa jambo hili si la vitabuni. Nanasi huvumilia ukame kuliko mazao mengi, lakini halipendi mizizi yake kusimama majini. Maji yakituama siku chache huoza. Na hata likikomaa vizuri, thamani yake iko barabarani. Tangu barabara ya Msata ilipowekewa lami tumezoea malori kuja na kuondoka siku hiyo hiyo, tukasahau zamani nanasi lilivyokuwa likioza likisubiri gari. Yaliyotokea Somanga yanaweza kutokea kwenye daraja lolote. Dar es Salaam nayo, yenye mamilioni ya watu, hunywa maji ya Ruvu. Mto ukijaa tope na mafuriko, huko mjini bomba linaweza kukauka huku watu wakilowa mvua.

Nini basi la kufanya? Mengi ni ya serikali na ya wakubwa wa dunia, na sina uwezo wa kuwaamuru. Lakini machache ni yetu. La kwanza ni kuacha mikoko isimame pale midomoni mwa mito na pwani, kwa maana mizizi yake huvunja wimbi na hushika udongo, wala haidai mshahara. La pili ni kuacha kujenga na kulima ndani ya mikondo ya maji kwa hoja kwamba imekauka miaka mingi. Mto una kumbukumbu ndefu kuliko sisi. La tatu ni kuziheshimu tahadhari hata pale zinapopita bila madhara. Baada ya Jobo niliwasikia watu wakisema wataalamu wametudanganya. Hawakutudanganya. Walituambia kwamba chui anakuja kijijini, chui akageukia njia nyingine. Mwenye akili hamkasirikii aliyepiga yowe. Watu wa Unguja mwaka 1872 na watu wa Lindi mwaka 1952 hawakupata hata huyo wa kupiga yowe.

La nne ni dogo kabisa, nalo ndilo ninaloliona la kwanza kwa umuhimu. Kila shule ya msingi katika ukanda huu ingeweza kuwa na kipimo cha mvua uwanjani, na daftari moja la kuandikia. Mtoto wa zamu asome kila asubuhi saa 3, aandike tarehe, milimita, na neno moja au mawili juu ya upepo. Daftari likijaa lisiuzwe kwa wauza karanga, bali litunzwe, lifunguliwe jingine. Pamoja na hayo wazee waulizwe wangali hai: masika ya mwaka gani yalivuka njia ipi, Elnino ya 1997 na 1998 ilifika wapi, mto ulipanda hadi mti upi. Yaandikwe nayo, kwa majina ya mahali.

Kati ya mwaka 1872 na mwaka 1952 ilipita miaka 80. Ukihesabu tena 80 kutoka mwaka 1952, unafika mwaka 2032. Sisemi hivyo kwa kupiga ramli, kwa maana tufani haihesabu miaka kama tunavyohesabu sisi, na Hidaya haikungoja. Nasema ili tuone urefu wa muda ambao binadamu huhitaji kusahau: ni umri wa mtu mmoja aliyejaliwa kuishi sana. Mtoto anayeanza darasa la kwanza hapa Kiwangwa mwaka huu, akijaliwa, atakuwa hai karne hii itakapokwisha, katika dunia yenye joto kuliko hii. Huenda ataiona siku kama ile iliyovibeba vyombo vya Barghash. Ningependa awe amekwisha kusoma, kwa mwandiko wa watoto wenzake wa zamani, kwamba ilikwisha kutokea hapa hapa.